Wakingaji Wachaguliwe Mapema

Lipo swali ambalo huwagawa wapenzi wa mpira wa Kimarekani kila mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, na ambalo halijapata kumalizika ingawa limejadiliwa kwa miaka mingi. Swali lenyewe ni hili: klabu iliyopata nafasi ya mapema katika uteuzi wa vijana wanaotoka vyuo vikuu, je, iitumie nafasi hiyo kumchukua mkingaji wa safu ya mbele, mtu ambaye huenda asifunge hata pointi moja maishani mwake, au imchukue mkimbiaji au mpokeaji ambaye jina lake litaimbwa uwanjani kila wiki? Sisi tunalo jibu letu na tutalitoa bila kuficha. Lakini hatuna budi kwanza kueleza mambo yalivyo, kwa sababu mpira unaozungumzwa hapa si ule wa Simba na Yanga.

Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Wachezaji ni 11 kila upande. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ukishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi ni yule Wamarekani wamwitaye kwotabeki, na kazi yake kubwa ni kuurusha mpira kwa wenzake walio mbele. Ili aweze kuurusha anahitaji muda, na muda huo ni sekunde mbili au tatu tu. Wanaompatia sekunde hizo ni watu watano wanaosimama mbele yake: mmoja wa katikati, ambaye ndiye anayeutoa mpira kati ya miguu yake kuanzisha mchezo, wawili wa ndani, mmoja kila ubavu wake, na wawili wa pembeni. Wengi wao huzidi kilo 136 kwa uzito. Hao ndio wakingaji. Kazi yao ni kuwazuia wavamizi wa upande wa pili wasimfikie kwotabeki, na kumfungulia njia mkimbiaji.

Wavamizi hao si watu wa mchezo. Wasomaji wetu wa upande wa Uganda watapenda kujua kwamba mmoja wao, Bw. Mathias Kiwanuka, aliyeteuliwa na New York Giants katika duru ya kwanza ya mwaka 2006, ni mjukuu wa Marehemu Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Mtu wa namna hiyo, mrefu, mzito na mwenye mbio, hutumwa kutoka pembeni moja kwa moja kumwangusha kwotabeki, na mara nyingi hutokea upande ambao kwotabeki amewupa mgongo. Kati ya hao wawili yuko mkingaji mmoja tu.

Sasa mtazame mkingaji huyo. Kwa kanuni za mchezo haruhusiwi kupokea mpira unaorushwa mbele, isipokuwa mwamuzi amejulishwa kwanza. Katika hesabu zinazochapishwa magazetini kila Jumatatu, za yadi na za mabao, jina lake halimo. Saa ambayo namba ya jezi yake hutangazwa kwenye vipaza sauti ni pale mwamuzi anapomwadhibu kwa kumshika mpinzani kinyume cha sheria. Akifanya kazi yake sawasawa kwa saa tatu, hakuna aliyemwona. Akikosea mara moja, watu 70,000 wanajua namba yake. Wasomaji wetu walio viwandani na bandarini hawatahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Ama kuhusu uteuzi wenyewe, ulianza mwaka 1936 kwa shauri la Bert Bell, aliyekuwa mwenye klabu ya Philadelphia. Alichoka kuona vilabu tajiri vikiwachukua vijana wote wazuri, akashauri kwamba klabu iliyoshika mkia ichague kwanza. Leo vilabu ni 32 na duru ni saba. Tangu mapatano ya mwaka 2011 baina ya wenye vilabu na chama cha wachezaji, mshahara wa kijana hufuata namba aliyoteuliwa nayo, si kazi anayoifanya. Bw. Sam Bradford, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2010, aliandikiwa dola milioni 78 kwa miaka sita, Bw. Cam Newton, wa kwanza wa mwaka uliofuata, aliandikiwa kiasi cha dola milioni 22 kwa miaka minne. Tungependa kusema mengi juu ya mapatano yaliyopunguza ujira wa vijana ambao siku ile hawakuwa hata wanachama wa chama kilichotia sahihi, lakini hilo ni shauri la siku nyingine. Linalotuhusu hapa ni kwamba klabu ikichagua namba tano hulipa sawa, iwe imemchukua mkingaji au mpokeaji. Hoja hubaki moja tu: nani anahitajika zaidi?

Hakuna mahali ambapo hoja hiyo ilijitokeza waziwazi kuliko Cincinnati. Mwaka 2020 klabu ya mji huo, iliyoshika mkia, ilimteua wa kwanza Bw. Joe Burrow, kwotabeki aliyekuwa ametwaa ubingwa wa vyuo na Louisiana State Januari ya mwaka ule ule. Kijana alionyesha uwezo tangu siku za mwanzo, lakini mbele yake palikuwa wazi. Mwezi wa Novemba, katika mchezo wa huko Washington, aliangukiwa na wavamizi akiwa amekwisha kuurusha mpira, na kano za goti lake la kushoto zikachanika. Msimu wake ukaishia hapo.

Ilipofika Aprili 2021, Cincinnati walikuwa na namba tano. Mezani palikuwa na vijana wawili. Mmoja alikuwa Bw. Penei Sewell wa Oregon, mkingaji wa pembeni aliyesemwa na wengi kuwa bora kuliko wote wa mwaka ule. Wa pili alikuwa Bw. Ja'Marr Chase, mpokeaji, rafiki wa Burrow waliyecheza naye chuoni. Mji mzima ulibishana kwa wiki kadhaa. Klabu ikamchukua Chase. Sewell akachukuliwa na Detroit kwa namba saba. Cincinnati wakasema kwamba mkingaji watampata katika duru ya pili, na kweli walimchukua mmoja, Bw. Jackson Carman, lakini yeye hakupata kuishika nafasi ya kudumu.

Yaliyofuata yanatumiwa na pande zote mbili za ubishi kama ushahidi, nasi tutayaeleza yote ili tusionekane tunapendelea. Chase alipata yadi 1,455 na mabao 13 katika msimu wake wa kwanza, na klabu iliyokuwa ya mwisho ikafika fainali ya Super Bowl mnamo Februari 2022. Wanaomtetea mpokeaji husimama hapo na kusema: mnataka nini tena? Lakini katika msimu huo huo Burrow aliangushwa mara 51, kuliko kwotabeki mwingine yeyote katika ligi. Katika mchezo mmoja wa mtoano huko Tennessee aliangushwa mara tisa. Katika fainali yenyewe, dhidi ya Los Angeles Rams, aliangushwa mara saba. Hesabu ya mwaka mzima, pamoja na mtoano, ni mara 70. Cincinnati walikuwa nyuma kwa 23 kwa 20, wamebakiwa na jaribio la nne, wanahitaji yadi moja. Mvamizi Aaron Donald alipita katikati ya wakingaji, akamshika Burrow na kumzungusha, na mpira ukaenda kuanguka pasipo na mtu. Chase alikuwa amekwisha kumwacha nyuma mlinzi wake upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyepata muda wa kumwona.

Hiyo ndiyo kadhia yote kwa ufupi. Mpokeaji mzuri alikuwapo, alikuwa huru, na hakuwa na faida, kwa sababu muda wa kumfikishia mpira haukuwapo. Baada ya pigo lile klabu ilitoa fedha nyingi kununua wakingaji waliokwisha kukomaa: watatu mwaka 2022 na mwingine mwaka 2023. Mwaka 2024 ikatumia hata nafasi yake ya duru ya kwanza kumteua mkingaji wa pembeni, Bw. Amarius Mims. Walichokikataa Aprili 2021 wakakitafuta kwa miaka mitatu mfululizo. Fainali nyingine hawakuiona katika miaka hiyo.

Wapo wanaoleta hoja ya fedha, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba mpokeaji aliyekomaa ni ghali kuliko mkingaji aliyekomaa, kwa hiyo ni busara kumpata mpokeaji kwa ujira mdogo wa uteuzi. Ni kweli kwamba Machi 2025 Chase aliandikiwa dola milioni 161 kwa miaka minne, na Sewell, mwaka mmoja kabla, aliandikiwa milioni 112 kwa muda kama huo. Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Mpokeaji hodari huweza kuonekana sokoni. Mkingaji hodari wa pembeni, mwenye afya na umri mdogo, ni nadra klabu yake kumwachia. Mwaka 2019 Houston, walipomtaka Bw. Laremy Tunsil wa Miami, walilazimika kutoa nafasi mbili za duru ya kwanza na moja ya duru ya pili katika biashara ile. Yaani waliokataa kutumia nafasi moja mapema hujikuta wakitoa tatu baadaye.

Tena Houston walikuwa na sababu ya kujua hayo kuliko wote. Klabu yao ilipoanzishwa mwaka 2002 walimteua wa kwanza kwotabeki David Carr. Kwa upande wa wakingaji walitegemea sana mtu mmoja, Tony Boselli, waliyempata katika uteuzi maalum wa klabu mpya. Bega la Boselli halikupona, na hakucheza hata mchezo mmoja kwa klabu hiyo. Carr aliangushwa mara 76 katika msimu ule, na hakuna kwotabeki aliyepata kuangushwa zaidi ya hapo katika msimu mmoja, kabla yake wala baada yake. Mwaka 2005 akaangushwa tena mara 68. Kijana aliyepewa kazi ya kuujenga mji mpya alitumia miaka yake mitano kutazama anga akiwa chali. Hatujui angekuwa mchezaji wa namna gani, na hakuna atakayejua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na waliojifunza maana yake ni Kansas City. Februari 2021 waliingia fainali wakiwa mabingwa, na kwotabeki wao, Bw. Patrick Mahomes, alisifiwa kuwa hana mfano. Wakingaji wao wote wawili wa pembeni walikuwa wameumia. Tampa Bay wakamkimbiza Mahomes mara 29 na kushinda 31 kwa 9. Kansas City hawakupata bao hata moja la kuvuka mstari. Kipaji ni kile kile na mwalimu ni yule yule. Kilichopungua ni watu wawili ambao washabiki wengi hawakuwajua kwa sura.

Kansas City hawakulia. Katika miezi michache walibomoa safu yao yote. Walimnunua Bw. Joe Thuney, wakatoa nafasi yao ya duru ya kwanza ili kumpata Orlando Brown, na katika uteuzi wa 2021 wakamchukua Creed Humphrey kwa namba 63 na Trey Smith kwa namba 226. Februari 2023 walikutana katika fainali na Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Siku ile Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Kansas City wakashinda 38 kwa 35.

Hapa wapinzani wetu watatukatiza kauli. Humphrey ni wa duru ya pili, Smith ni wa duru ya sita. Kumbe wakingaji wazuri wanapatikana hata mwisho wa foleni, basi kuna haja gani ya kuwachukua mapema? Hoja hiyo ina ukweli kwa nusu. Hao wawili ni watu wa ndani, na kazi ya ndani, ingawa ni ngumu, mtu ana jirani kushoto na kulia wa kumsaidia. Jason Kelce, aliyekuwa wa katikati kwa miaka mingi huko Philadelphia, naye aliteuliwa kwa namba 191. Lakini mtu wa pembeni yuko peke yake na mvamizi mwenye mbio, na mwili wenye uzito na wepesi kwa pamoja ni adimu. Kansas City waliendelea kutafuta mtu wa pembeni katika duru za chini, wakamkosa. Mpaka fainali ya Februari 2025 ikawakuta wamemhamisha Thuney, mtu wa ndani, kwenda kuziba pembeni ya kushoto. Philadelphia walimwangusha Mahomes mara sita bila kuongeza mtu wa ziada katika uvamizi, wakashinda 40 kwa 22. Miezi miwili baadaye Kansas City walitumia nafasi yao ya duru ya kwanza kumteua mtu wa pembeni, Bw. Josh Simmons.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Klabu yenye kwotabeki kijana, au inayokusudia kumpata, na ambayo pembeni yake ni wazi, haina kisingizio cha kumwacha mkingaji bora wa pembeni apite katika duru ya kwanza kwa sababu tu ya mtu atakayeuza jezi. Watu wa ndani wanaweza kungoja duru ya pili na ya tatu.

Hatusemi kwamba kila mkingaji anayesifiwa achukuliwe kwa macho yaliyofumbwa. Green Bay mwaka 1989 walimteua wa pili Bw. Tony Mandarich, aliyeandikwa magazetini kama jitu la hadithi. Aliyechukuliwa kabla yake na watatu waliochukuliwa mara baada yake, Aikman, Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders, wote wako leo katika jumba la heshima la mchezo huo; yeye aliachwa na klabu yake baada ya misimu michache, na miaka mingi baadaye akakiri kwamba alitumia dawa za kukuza misuli. Mwaka 2013 wakingaji wa pembeni walikuwa watatu katika wanne wa kwanza. Wa kwanza, Eric Fisher, alifanya kazi ya kuridhisha. Wa pili, Luke Joeckel, alishindwa. Wa nne, Lane Johnson, alikuja kuwa bora kuliko wote wawili. Nafasi ya mapema haimfanyi mtu kuwa hodari. Na ukuta peke yake haufungi mabao: Dallas waliteua wakingaji katika duru ya kwanza mwaka 2011, 2013 na 2014, mkimbiaji wao akapata yadi 1,845 katika msimu wa 2014, na hata hivyo fainali hawakuifikia.

Siku hizi liko na jambo jingine linalozidisha ugumu. Vyuo vingi hucheza mchezo wa haraka unaomwachia kwotabeki mpira upesi, hivyo kijana huhitimu bila kujifunza kuzuia kwa muda mrefu. Na mapatano yale ya 2011 yalipunguza mazoezi ya kugongana kwa mavazi kamili mpaka 14 tu katika msimu wa kawaida. Hatulaumu upunguzaji huo, maana umeokoa vichwa na magoti ya wafanyakazi wa mchezo. Lakini matokeo yake ni kwamba mkingaji hujengwa polepole, na klabu isiyo na mwalimu mwenye subira itaharibu hata kijana mwema.

Philadelphia walikuwa naye mwalimu wa namna hiyo, Bw. Jeff Stoutland, aliyeanza kazi ya wakingaji hapo mwaka 2013. Itazame safu iliyotwaa ubingwa wa Februari 2025. Kulia pembeni ni Lane Johnson, namba nne ya 2013. Kushoto pembeni ni Jordan Mailata, kijana wa Australia mwenye asili ya Samoa, aliyekuwa akicheza raga na hakuwahi kucheza mpira huu hata siku moja alipoteuliwa kwa namba 233 mwaka 2018. Alikaa misimu miwili bila kucheza mchezo wowote wa ligi, akifundishwa. Wawili, Landon Dickerson na Cam Jurgens, ni wa duru ya pili. Wa tano, Mekhi Becton, aliteuliwa namba 11 na New York Jets mwaka 2020, akashindwa huko, akaja Philadelphia akahamishiwa ndani na kufundishwa upya.

Nyuma ya watu hao watano alikimbia Bw. Saquon Barkley. Huyo New York Giants walikuwa wamemteua wa pili mwaka 2018, wakimtanguliza mbele ya kujenga safu. Kwa miaka sita alijitahidi akigonga migongo ya watu wake mwenyewe, na mwaka wake bora ulikuwa wa yadi 1,312. Klabu iliingia mtoano mara moja tu. Mwaka 2024 alivuka mto na kwenda Philadelphia, akiwa na umri wa miaka 27, ambao kwa wakimbiaji ni wa kuanza kuchoka. Akapata yadi 2,005, mtu wa tisa katika historia ya ligi kuvuka 2,000 kwa msimu. Giants walikuwa na mkimbiaji huyo huyo kwa miaka sita.